Vitambaa Vyekundu Kwenye Minazi ya Bi Mwanamvua

Ninyi wajukuu zangu mliohitimu chuo kikuu mwaka huu, mmeniuliza msomi anaanzaje kuwatumikia watu wake. Mlitaka jibu fupi, la kuandika kwenye karatasi moja mkaondoka nalo. Jibu fupi sina. Nina kisa cha minazi, na ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe. Asiye na nafasi asome nusu sasa, nusu nyingine ataisoma akistaafu kama mimi.

Nilirudi kutoka chuo kikuu kule Uganda katika miaka ya hamsini, Uhuru haujaja. Mimi ni Msambaa wa milimani juu ya Lushoto, Elia Shemaghembe, mtoto wa Mlutheri mlima viazi na kabichi. Siku hizo mtu mwenye elimu ya chuo kikuu alikuwa adimu. Mchungaji alinisimamisha mbele ya usharika mzima akanishika bega, na mama yangu akalia kwa furaha mpaka akapaliwa. Nilijiona nimefika. Nilivijua vidudu vya mimea kwa majina yao ya Kilatini, niliujua udongo kwa tabaka zake, na serikali kwa hekima yake ikaichukua elimu yangu yote ya kahawa na mahindi ikanipeleka pwani kwenye minazi. Kwetu mnazi haumei. Nazi nilizijua sokoni, zikiwa zimeshafuliwa.

Eneo langu lilianza kusini mwa mji wa Tanga, likapita kwenye mashamba ya mkonge, likashuka Kigombe hadi mto Pangani. Nilipewa baiskeli, kaptula mbili za kaki, soksi ndefu za kufika magotini, na cheo ambacho watu walikuwa wameshanipa kabla hawajaniona uso. Wote waliniita Bwana Shamba, hata wazee waliokuwa wamelima kwa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Minazi ilikuwa inaliwa na chonga. Huyu ni mdudu mweusi, mnene kama kidole gumba, ana kipembe puani. Hutoboa moyo wa mnazi, pale juu yanapochipua makuti machanga, akala akashiba. Mayai hutaga kwenye magogo ya minazi iliyokufa na kwenye samadi iliyorundikwa, kwa hiyo mnazi mfu mmoja ukiachwa umesimama, chonga watakaotoka humo watamaliza minazi ya jirani. Ofisi ya Tanga ilitoa amri kwamba kabla ya masika magogo yote mafu yaangushwe na kuchomwa moto. Bwana Mkubwa wa kilimo angepita mwenyewe kukagua. Kitongoji kitakachokutwa kichafu kingeletewa vibarua wenye mashoka, nao wangeangusha kila mnazi wenye tundu la chonga, mfu na mzima.

Katika kitongoji kimoja karibu na Kigombe aliishi mjane aitwaye Bi Mwanamvua. Alikuwa na minazi kumi na mitatu. Miwili ilikuwa mifu, kumi na mmoja ilikuwa hai, na katika hiyo iliyo hai hapakuwa na hata mmoja usio na tundu. Minazi hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mumewe alipofariki. Nazi zake alipika mafuta, makuti alisuka ya kuezekea, na makumbi, yale maganda ya nyuzi ya nazi, aliyafukia kwenye tope la pwani, akayatwanga, akasokota kamba. Mashoka yangekuja, Bi Mwanamvua asingebaki na kitu duniani.

Siku ya kwanza nilimkuta barazani anasuka makuti. Nikamnyooshea mkono nikasema, "Hujambo, mama?" kama nilivyozoea kuwasalimu wake wa walimu chuoni. Akautazama mkono wangu, akaendelea kusuka.

"Mwanangu, huko ulikosoma shikamoo hawafundishi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, vua viatu, kaa kitako. Sasa sema ulilotumwa."

Nikalisema lote, kwa Kiswahili cha darasani, pamoja na jina la Kilatini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kumbe ni chonga," akasema. "Ulivyoanza nilidhani umeleta habari ya vita."

Sasa nije kwenye kosa langu. Kwanza nilitakiwa nitie alama kila mnazi mfu na kila mnazi wenye tundu, ili nijue pa kuanzia kazi. Chokaa ofisini ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa na haraka ya kijana anayetaka kusifiwa. Nikaingia dukani Kigombe, nikachukua kitambaa kilichokuwapo, nacho kilikuwa chekundu. Nikaenda kwa Bi Mwanamvua kuazima kisu, nikakichana vipande hapo hapo uani kwake. Yeye alikuwa jikoni anachuja tui, wala hakutoka kuuliza. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri. Wanaume wote walikuwa msikitini, wake zao majumbani, nami nikajipongeza kwamba nimepata saa nzima ya kufanya kazi bila maswali. Nikaanza na minazi ya Bi Mwanamvua, nikaingia ya jirani yake Mzee Mbaruku, nikaendelea hivyo mpaka mwisho wa kitongoji. Kila mnazi niliufunga kitambaa shinani, mafundo mawili, nikaandika daftarini. Kisha nikapanda baiskeli nikaenda zangu Pangani, ambako nilikuwa na kazi ya wiki tatu.

Wale kati yenu mliozaliwa pwani mmeshaanza kucheka. Kwa watu wa pale, kitambaa chekundu kwenye shina la mnazi ni kago. Mwenye mnazi akichoka kuibiwa humwita mganga, mganga akafunga kitambaa na kunuiza maneno yake, na tangu hapo atakayeukwea mnazi ule atavimba tumbo, au atafika juu ashindwe kushuka. Hata asiyeamini haukwei, maana nani atakubali kuwa wa kwanza kujaribu? Na msidhani ni mambo ya pwani tu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na yake ya kulinda migomba. Lakini mimi nililelewa misheni, nikafundishwa kuona haya hata kumwuliza, na mwisho wake nikafunga kago kitongoji kizima bila kujua ninafunga nini.

Wiki tatu zilipokwisha nikarudi. Mtu wa kwanza niliyekutana naye njiani ni Mzee Kombo, mkwezi. Mkwezi wa minazi huwa na haraka asubuhi, kabla jua halijawa kali. Yeye alikuwa amekaa juu ya gogo, kamba yake ya kukwelea imeviringwa begani, anatafuna tambuu.

"Shikamoo, Mzee Kombo. Leo hukwei?"

"Marahaba. Nikwee wapi, yakhe? Nchi nzima imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Wanasema Bi Mwanamvua. Vipande vya kitambaa vimeokotwa uani kwake, na kago limeanzia kwake. Wanasema amefunga minazi ya watu ili nazi ziozee juu, auze mafuta peke yake."

Niliteremka kwenye baiskeli. "Vitambaa vile ni vyangu mimi!"

Akanitazama kuanzia soksi mpaka kofia. "Naye alisema hivyo hivyo. Wakamwambia asimsingizie mtoto wa watu. Msomi wa chuo kikuu, tena Mkristo, kago atalijulia wapi?"

Hebu lipimeni hilo. Elimu yangu, ile niliyosimamishwa nayo mbele ya usharika, ndiyo iliyomfanya mama wa watu aonekane mwongo. Kisimani wanawake walikuwa wakimwona wanajitwika ndoo zao na kuondoka. Mafuta yake hayakununuliwa. Mzee Mbaruku, aliyekuwa akimwazima jembe na chumvi miaka yote, alisimama mbele ya watu akasema mchawi wake ni jirani yake, na kuanzia hapo salamu ikakatika. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikaa juu ya gogo kando ya Mzee Kombo nikalia, nami nilikuwa mtu mzima mwenye cheti.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema Mzee Kombo, lakini akanisogezea kibuyu cha maji. "Kago hufunguliwa na aliyelifunga, mchana kweupe, watu wakitazama. Na akishafungua, ale kilichomo mtini."

"Lakini si kago, mzee. Ni alama tu."

"Wewe unajua ni alama. Wangapi wengine wanajua?"

Nilizunguka na baiskeli mpaka ufukweni nikarudi. Nilimfikiria mchungaji wangu akisikia nimefungua kago hadharani. Nilifikiria ofisi ya Tanga, na kazi yangu ambayo ilikuwa bado ya majaribio. Kisha nikamfikiria Bi Mwanamvua peke yake kisimani, na mengine yote yakawa madogo.

Ijumaa iliyofuata nilisubiri nje ya msikiti mpaka watu wakatoka. Nikawasalimu wazee mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mmoja, hakuna niliyemruka. Nikasema vitambaa nilifunga mimi, kwa ujinga, na kwamba Bi Mwanamvua hakujua. Mzee Mbaruku, mtu mrefu mwenye bakora, akasema, "Mwanangu, una moyo mzuri. Lakini usijitwike mzigo usio wako."

Hata hapo hawakuniamini! Nikatoa daftari, nikasoma mbele yao kila mnazi na mwenyewe, kwa mpangilio nilioufunga. Nikaeleza fundo langu lilivyo, nikawaomba waende wakaangalie. Wakaenda, nami nikaenda nao. Mnazi wa kwanza nikafungua fundo mbele yao, wa pili, wa tatu, kila fundo vile vile, fundo la kufungia mizigo ya kabichi kule kwetu ambalo pwani hakuna alijuaye. Watu wakaanza kutazamana.

"Sasa kwea," akasema Mzee Kombo.

Nikavua viatu na zile soksi ndefu. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Hee! Kumbe ana miguu kama sisi!" Mzee Kombo akanitia kitanzi cha kamba miguuni, akaniambia nikumbatie shina, nivute miguu, nisimame, nikumbatie tena. Nilikumbatia, nikavuta, nikasimama. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne niliteleza, nikashuka na shina lote likanikwangua kifua na tumbo mpaka chini. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kitako. Walikuwa hawajacheka pamoja kwa mwezi mzima, nami sikuona vibaya kuwa mimi ndiye sababu.

Basi akakwea yeye kwa niaba yangu, akaniangushia dafu kutoka kila mnazi uliokuwa na dafu, nami nikanywa. Nikanywa la Bi Mwanamvua, la Mzee Mbaruku, la huyu na la yule. Kufikia la saba tumbo lilikuwa linaimba. Kufikia la kumi niliomba njia. Msicheke sana. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami nawaongezea msiwatukane wakwezi na madafu yangalipo.

Mwisho nilikwenda barazani kwa Bi Mwanamvua, watu wakinifuata, nikamtaka radhi kwa sauti ya kusikika.

"Nimesikia," akasema, akaingia ndani. Siku hiyo hakusema zaidi, na sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Nazi zikaanguliwa tena. Lakini Mzee Mbaruku hakwenda kumtaka radhi jirani yake. Alikuwa mtu wa heshima zake, na heshima wakati mwingine humkaba mtu koo. Wakipishana njiani, yeye hutazama minazi, na Bi Mwanamvua hutazama mbele. Na masika yalikuwa yanakaribia.

Niwape na ufundi kidogo, maana kumbukumbu za kazi zisizo na ufundi ni porojo. Chonga akiwa bado ndani ya mnazi, tunduni hutoka makapi mabichi ya nyuzi yaliyotafunwa, yana unyevu ukiyashika. Makapi yakiwa makavu, mdudu ameshaondoka. Kuti lililokatwakatwa kama kwa mkasi ni la jeraha la zamani, mdudu alilitafuna likiwa bado limekunjwa moyoni. Hayo sikuyapata chuoni. Alinionyesha Mzee Kombo, na yeye ndiye aliyenifundisha waya. Unachukua waya mgumu, unaukunja ncha kama ndoana, mkwezi anapanda nao, anauingiza tunduni taratibu mpaka asikie unagusa kitu kigumu kinachosogea, anauzungusha, anavuta. Chonga hutoka amekasirika. Kisha tundu lijazwe mchanga uliochanganywa na majivu, asiingie mwingine. Mimi nilikaa chini nikiandika mnazi gani umetolewa wangapi, na jioni tulilinganisha, yeye kwa kumbukumbu na mimi kwa daftari. Aliyekosea mara nyingi ni mwenye daftari.

Magogo tuliyaangusha kwa ujima, leo kwa huyu kesho kwa yule, kila nyumba ikitoa mtu. Wanawake walipasua magogo laini wakitoa mabuu, yale meupe manene yanayojikunja, na kuku wa kitongoji wakanenepa sana msimu ule.

Katikati ya kazi hiyo baba yangu akanitembelea. Alikuja kwa basi kutoka Lushoto mpaka Tanga, na kutoka Tanga akadandia lori la mkonge, amevaa koti lake la Jumapili, kuja kuona ofisi ya mwanawe msomi. Alinikuta nimechuchumaa katikati ya wanawake, matope mpaka viwikoni, natia mabuu kwenye debe.

"Elia," akasema, "meza yako iko wapi?"

Nikamwonyesha gogo. Niliogopa atakalosema kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote, maana nilijua jinsi alivyojinyima ili nisome. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya majani makavu, akachuchumaa kando yangu na kuokota buu moja.

"Wa viazi ni wadogo kuliko huyu," akasema. "Huyu mnamwuaje?"

Alikaa siku tatu. Bi Mwanamvua alimpikia wali wa nazi na samaki, na ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa, kwa sababu sahani aliileta mwenyewe na kijiko cha pili kilikuwa changu.

Bwana Mkubwa wa kilimo akaja siku chache kabla ya mvua. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye haraka, si mtu mbaya. Alipenda kazi iliyonyooka. Alipita kitongoji kizima akakuta magogo hakuna, majivu tu. Akanipiga bega mara mbili. Kisha akafika kwa Bi Mwanamvua, akainua macho juu kwa mara ya kwanza, akaona makuti yaliyokatwakatwa kwenye minazi yote kumi na mmoja.

"Hii yote kata," akasema.

Bi Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja.

"Bwana," nikasema, "majeraha hayo ni ya zamani. Chonga wametolewa."

"Nani amewatoa?"

"Mimi na mkwezi wetu, Mzee Kombo. Kwa waya."

"Chuo kikuu walikufundisha hivyo?"

"Hapana, Bwana. Nimefundishwa hapa."

Akatikisa kichwa. Alisema amri haibagui, mnazi wenye tundu ni hatari kwa mingine, na vibarua wangekuja Jumatatu. Akafungua kalamu aandike. Nilijua nikibisha tena nitapoteza kazi, na nikinyamaza nitampoteza mama huyu. Nikafungua kinywa, lakini kabla sijatoa neno nikasikia bakora inagonga ardhi nyuma yangu.

"Bwana," akasema Mzee Mbaruku, "ukija na mashoka, anza kwangu."

"Minazi yako sikuisema."

"Ina matundu kama hii. Tazama mwenyewe. Mama huyu nilimsema vibaya mbele ya watu kwa jambo asilolifanya, na mpaka leo sijamtaka radhi. Namtaka sasa. Bi Mwanamvua, niwie radhi. Wewe Bwana, ukikata ya kwake, sitasimama nikatazama yangu imebaki."

"Na yangu," akasema mtu mwingine. "Na yangu," akasema wa tatu. Wakasogea mpaka uani kukajaa. Bwana Mkubwa akatazama minazi yote iliyomzunguka, karibu yote ina matundu, akaona kwamba akifuata amri yake hakutabaki mnazi wa kukagua. Akafunga kalamu.

"Miezi sita," akaniambia. "Nitarudi. Nikikuta iliyokufa bado imesimama hapa, inazaa chonga, barua ya kuacha kazi utaandika mwenyewe."

Gari lake lilipoondoka, Bi Mwanamvua alimgeukia jirani yake. "Radhi nimekupa," akasema. "Mlete mkeo achukue mafuta. Miezi hii yote amekuwa akiwapikia chukuchuku, nimeona mlivyokonda." Mzee Mbaruku alicheka kwanza, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

Miezi ile sita niliihesabu kwa makuti. Kila wiki nilifika kutazama kuti jipya la kila mnazi, lile linalosimama wima kabla halijafunguka. Mvua zikaja. Kuti la kwanza likafunguka zima, la kijani, halina hata mkato mmoja, nami nikapiga kelele kama mtoto. Likafuata la pili, la tatu. Mzee Kombo alikwea kila baada ya siku chache na waya wake. Minazi tisa ikapona. Miwili ikabadilika rangi moyoni, kwanza njano, kisha kahawia, na makuti yake mapya yakaning'inia. Mmoja kati ya hiyo miwili mumewe aliupanda mwaka waliooana.

Asubuhi ya siku ambayo Bwana Mkubwa alikuwa arudi, nilitoka mapema, nikiyapanga maneno yangu njia nzima. Ningemweleza Bi Mwanamvua kwa upole kwamba mnazi ukishaoza moyo hauponi, kwamba tisa ni mingi, kwamba nasikitika. Nilimkuta uani, kanga yake ameifunga kiunoni, shoka mkononi.

"Mwanangu, hii miwili imekufa," akasema. "Najua umekuja kuniambia, na najua ungenizungusha na maneno yako ya kitabu mpaka adhuhuri. Shika upande ule."

Akapiga pigo la kwanza yeye mwenyewe, kwenye ule wa mumewe. Nikashika shoka la pili. Mzee Mbaruku akasikia mlio, akaja na shoka lake bila kuitwa, na Mzee Kombo akaja kuelekeza pa kuangukia. Tukaiangusha, tukaipasua, tukaichoma.

Bwana Mkubwa alipofika alikuta minazi tisa yenye makuti mapya na visiki viwili bado vinafuka moshi. Akavizunguka, akagusa kimoja kwa ncha ya kiatu, akanigeukia.

"Hii nani ameamuru ikatwe?"

Bi Mwanamvua akasogea mbele yangu, majivu mikononi.

"Nimeamuru mimi," akasema. "Ni minazi yangu."

Bwana Mkubwa akanitazama mimi, kama anayesubiri nithibitishe.

"Ni kweli, Bwana," nikasema. "Mimi nilisaidia kukata tu."